Yule mzee mliyemcheka alikuwa anamzika rafiki yake

Naanza na kosa langu, ndio mjue naongea kutoka upande gani.

Mwezi uliopita niliitwa kurekodi mazishi ng'ambo ya mto Nzoia, si mbali na hapa Moi's Bridge. Elfu mbili na chakula, kazi ya kawaida. Jeneza lilipotoka nyumbani, akatokea mzee mmoja. Suti ya kijivu iliyomzidi mabega, medali mbili kifuani, viatu vinang'aa kwenye yale matope yetu ya mwezi wa tano. Amejifunga ngoma ya vijiti kiunoni, na ngoma yenyewe ameifunika kitambaa cheusi. Akasimama mbele ya jeneza, akaanza kutembea. Mguu mmoja, anangoja. Mguu wa pili, anangoja. Ngoma nayo inalia chini chini, kama mtu anabisha mlango na hataki majirani wasikie.

Mimi nilichoona ni kontenti. Nilikata sekunde kumi na nane, nikaongeza kasi, nikaweka mdundo wa gengetone chini yake, nikaandika hapo juu: "Buda akikumbuka Fuliza." Kufikia asubuhi ilikuwa imetazamwa mara laki moja na themanini. Sijawahi kupata namba kama hizo. Nilimwamsha mathe kumwonyesha.

Jioni yake nikapata ujumbe kutoka kwa msichana nisiyemjua. "Huyo ni kuka yangu. Aliyekuwa kwenye sanduku ni rafiki yake, walipiga bendi pamoja jeshini. Ameiona kwa simu yangu."

Nilifuta. Lakini nyinyi mnajua kufuta ni kujifariji tu, watu walikuwa wameshaipakua. Hadi leo inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ikiwa na mdundo mwingine.

Sasa, hii posti si ya kuomba msamaha. Msamaha niliuomba mwenyewe, ana kwa ana, na kilo mbili za sukari. Hii ni kuhusu kitu mlichoandika chini ya ile klipu. Wengi walicheka, na sawa, nilikuwa nimewachekesha mimi. Lakini kulikuwa na kundi la pili, wale wenye akili, wenye kusoma vitabu, na hao ndio walinikera zaidi. "Mkoloni alisahau mmoja." "Homeguard bado yuko kazini." "Huu ndio utumwa wa akili." Mmoja aliandika aya tatu nzima kwamba Mwafrika akipiga ngoma ya Kizungu mbele ya jeneza la Mwafrika, basi wote wawili wamekufa.

Nilipofika kwake, mzee alikuwa ameketi nje, chini ya mparachichi. Akaniangalia.

"Wewe ndiye kijana wa simu?"

"Ndiyo, mzee."

"Kaa."

Nikakaa. Nikangoja kutukanwa. Akaniuliza swali moja: "Mbona uliharakisha?"

Sikuelewa. Akaeleza. Ile hatua ni ya pole, ya msiba, na ina hesabu yake. Ngoma inafunikwa kitambaa na nyaya za chini zinalegezwa ili isilie kwa ukali, iwe kama imeziba koo. Ukiiongeza kasi, akasema, si kusindikiza tena, ni kumkimbiza marehemu. Kucheka kwetu hakukumsumbua sana, ati vijana walicheka hata wakati wake. Kilichomuuma ni kwamba rafiki yake alitembezwa mbio.

Tangu siku hiyo nimerudi mara nyingi. Jina lake sitalitaja, hataki, na nimejifunza. Aliingia jeshi mwishoni mwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi. Siku ya kuandikisha watu uwanjani, afande mmoja aliuliza nani amewahi kupiga chombo chochote shuleni au kanisani, asogee kando. Yeye alikuwa amepiga ngoma ya gwaride katika shule ya misheni. Akasogea. Anasema hiyo hatua moja ya kando ndiyo iliyoamua maisha yake yote. Alifunzwa kusoma noti. Alifunzwa tarumbeta kidogo na ngoma ya vijiti sana. Alipiga kwenye sherehe za Madaraka na Jamhuri ambazo sisi tulizisoma tu kwenye kitabu cha historia. Kuhusu mwaka wa 1982 hasemi kitu, nimejaribu mara mbili.

Na anapenda bagipaipu. Hapa ndipo nilicheka kwa mara ya pili, samahani. Ile zumari ya mfuko, ya Waskoti wenye kilti. Waingereza huleta wanajeshi wao mazoezini Nanyuki tangu miaka hiyo, na humo huwa kuna vikosi vya Waskoti. Mzee akasikia mmoja wao akipiga jioni kambini, akaenda kusimama karibu kama mtoto aliyesikia harufu ya mandazi. Yule Mskoti akampa ajaribu. "Ilitoka sauti ya mbuzi anachinjwa," anasema. Akarudi kesho yake. Na kesho kutwa. Kabla kikosi hakijaondoka, yule Mskoti akamwachia bomba dogo la kujifunzia, lile wanaloanza nalo kabla ya kubeba mfuko.

Analo mpaka leo. Limefungwa kwenye soksi. Akanipa nikalishika: jeusi, zito kuliko lilivyo, baridi mkononi. Amekuwa akilipuliza kwa zaidi ya miaka hamsini bila kuwahi kumiliki bagipaipu yenyewe. Fikiria mtu anajifunza usukani maisha yake yote na hana gari.

Basi nikaenda kusoma, maana mimi nikikosa kitu darasani nakitafuta usiku kwa simu. Chuo niliacha mwaka wa pili, hiyo mnaijua. Nataka kuwajibu wale wa aya tatu.

Kwanza, wana haki nusu. Bendi za kijeshi hazikuja huku kutuburudisha. Kikosi cha King's African Rifles, kile wazee wetu walikiita Keya, kiliundwa mwaka 1902 kulinda mali ya Mwingereza, na bendi yake ilikuwa sehemu ya kutufanya tutembee kwa hatua moja. Vita vya pili vya dunia Keya walipelekwa mpaka Burma, wakarudi na malipo madogo kuliko ya mzungu waliyepigana naye bega kwa bega. Hilo liko kwenye rekodi. Na kama nyanya yako alikuwa Nyeri au Murang'a miaka ya hali ya hatari, bagipaipu kwake inaweza kuwa na maana nyingine kabisa. Kikosi cha Black Watch, Waskoti kabisa, kilikuwa Kenya kuanzia 1953 hadi 1955, na hakikuja kutalii. Siwezi kumwambia mtu kama huyo afurahie ule mlio. Akiuziba masikio, nitamsaidia kufunga dirisha.

Lakini ile nusu nyingine hawajaisoma.

Waulize watu wa pwani kuhusu beni. Neno lenyewe ni "band" limevalishwa kanzu. Ilianza miaka ya 1890 huko Lamu na Mombasa, vijana wa Kiswahili walipoona magwaride ya Wazungu wakaamua na wao watatengeneza yao. Ngoma, tarumbeta, vyeo: wana mfalme wao, jenerali wao, mpaka manesi wao. Vita vya kwanza vilipokuja, askari na wapagazi wa Kariokoo wakaibeba beni hadi bara. Tanganyika ikawa na Marini na Arinoti. Ikafika mpaka Ziwa Nyasa, ambako watu hawakuwa na tarumbeta za shaba, wakatengeneza za vibuyu. Soma hapo tena: vibuyu. Ukiona mtu ametoboa kibuyu kikalia kama tarumbeta ya jeshi la mfalme wa Uingereza, usiniambie huyo ametekwa akili. Huyo ameteka kitu.

Na Mombasa, kati ya vita viwili, kulikuwa na makundi mawili ya beni yaliyochukiana kama Gor na Ingwe. Moja liliitwa Kingi. Lingine liliitwa Scotchi. Scotchi! Vijana wa Mombasa wamevaa kilti, wanapita barabarani na ngoma, wanaimba nyimbo za kuwatukana wa Kingi, halafu wanashindana nani atachinja ng'ombe wengi zaidi kwenye karamu. Walikuwa wanaiga? Ndiyo. Walikuwa wanacheka? Pia ndiyo. Walikuwa wanajionyesha kwa wasichana? Hiyo sihitaji kitabu. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu beni, kilitoka 1975, na kwenye hayo yote hakuna mahali utaona watu waliokufa akili. Maafisa wa serikali na wamisheni hawakuipenda beni hata kidogo, ambayo kwangu ni ushahidi tosha.

Najua kuna mtu sasa hivi anaandika "Je, Idi Amin?" Sawa. Amin alitoka Keya, alipenda mambo ya Kiskoti hadi akawavalisha askari wake kilti na kuwapa bagipaipu, na akajiita mfalme wa Scotland. Mmeona ile filamu. Ninachosema ni kwamba chombo hakikumfanya Amin. Oman wana wapiga bagipaipu wanaopanda ngamia, na hakuna anayesema Muscat ni kitongoji cha Edinburgh. Na pale Kikuyu kuna mahali panaitwa Thogoto, jina lililotokana na "Scot" kwa sababu ya wamisheni wa Kiskoti, watu wanalitamka kila siku kwenye matatu na hakuna anayejiona Mskoti. Hata sisi. Mji huu uliitwa Hoey's Bridge, jina la mlowezi aliyeweka daraja la magogo, halafu ukawa Moi's Bridge. Daraja lilibadilishwa jina, watu wakaendelea kuvuka na mahindi yao.

Sasa nifike kwa lile bomba la kwenye soksi, kwa sababu hapa ndipo niliposhindwa kulala.

Bagipaipu nzuri inatengenezwa kwa mti gani? Mpingo. Ule ule mpingo wa vinyago vya Kimakonde. Mafundi wa Uskoti kwa miaka zaidi ya mia moja wamekuwa wakiagiza mti kutoka Afrika Mashariki, hasa kusini mwa Tanzania, Kilwa na Lindi huko, kwa sababu ni mzito, hauharibiki haraka kwa unyevu wa pumzi, na ukitobolewa unabaki na kipimo chake. Klarineti pia. Obo pia. Mti wenyewe huchukua miaka sabini, themanini, hata mia ndio ukomae wa kukatwa. Yaani ile sauti mnayosema ni ya Mzungu, inatoka kwenye mti wa kwetu, uliomea kabla ya babu yako kuzaliwa, ukapakiwa melini, ukachongwa Glasgow, ukarudi Nanyuki mkononi mwa mwanajeshi, na sasa uko kwenye soksi hapa Moi's Bridge.

Nilimwambia mzee. Akanyamaza kidogo, akaligeuzageuza lile bomba. "Nilijua ni mti mzuri," akasema. "Sikujua ni jirani."

Sitaki mfikiri nimegeuka mpenzi wa jeshi. Nina sababu nyingine ya kuwasumbua na hii story, na ni ya kifukoni.

Bendi ya jeshi na bendi ya kanisa ndizo zilizokuwa shule ya muziki ya mtoto maskini wa nchi hii. Hakuna karo. Hakuna mzazi wa kununua piano. Fundi Konde alipita kwenye kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa vita vya pili, akarudi akawa Fundi Konde. Maroon Commandos, ambao wimbo wao "Charonyi ni Wasi" hadi leo unapigwa kwenye kila harusi ya watu wenye heshima zao, walikuwa wanajeshi wa 7 Kenya Rifles, Langata, chini ya Habel Kifoto. Wanaume waliamka asubuhi wakapiga kwata, jioni wakapiga gitaa. Jeshi la Wokovu lipo Kenya tangu 1921, na huku magharibi, Bungoma, Kakamega, Trans Nzoia, nusu ya wapiga tarumbeta mnaowaona kwenye bendi za Nairobi walianza na kofia ya kanisa kichwani. PCEA wana Boys' Brigade yao, chama kilichoanzia Glasgow mwaka 1883, na ukipita Jumapili utasikia watoto wa miaka kumi wakipiga ngoma sawasawa kuliko programu yangu ya kutengeneza midundo.

Mimi nilitengeneza muziki miaka mitatu kwa simu bila kujua noti moja. Nakokota mdundo wa mtu mwingine, naubadilisha rangi. Kila mtu ninayemjua anafanya hivyo. Halafu kilomita tatu kutoka kwetu anakaa mtu anayeweza kuangalia karatasi yenye vitone na kuimba kilichoandikwa, na kitu cha pekee nilichofanya naye ni kumwekea utani wa Fuliza.

Baada ya kustaafu alifundisha bendi ya kanisa moja, miaka mingi, bila malipo. Siku hizi kanisa limenunua kinanda na spika kubwa, na kijana mmoja anabonyeza mdundo uliotengenezwa tayari. Kuna shule moja pia, siitaji, ilikuwa na tarumbeta nane na ngoma nne. Alipoenda kuuliza, akaambiwa zilichukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Kwa kilo. Mzee anaeleza hilo kwa sauti ile ile anayotumia kueleza bei ya mbolea, lakini mikono inaacha kutulia.

Mikono yake inatetemeka, ndiyo sababu naandika leo na si mwaka ujao. Ana daftari mbili za vitone alivyonakili kambini, kurasa zimeliwa na mende pembeni. Ana wanafunzi watatu, mmoja wao ni mimi. Wa kwenye sanduku ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho aliyejua sehemu ya pili ya zile nyimbo. Sasa kuna nyimbo anazozijua nusu, na nusu nyingine tuliizika nikiwa narekodi.

Kuna hoja moja ninaiheshimu: tuna ngoma zetu, kwa nini tuhangaike na hizi? Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Ni kweli, iokolewe. Lakini ni nani amesema ni moja au nyingine? Nilimuuliza mzee ilikuwaje siku ya kwanza kambini kupewa ngoma kubwa ya bendi. Akasema hakufundishwa, alikuwa ameshaijua, kwa sababu kwao ngoma zinakuja tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja na kazi yake, na bendi nayo imepangwa hivyo hivyo. Anayeua isukuti na anayeua bendi ni mtu mmoja, na ana spika inchi kumi na nane. Mimi mwenyewe nimekuwa nikimkodishia jenereta.

Kaunti nazo. Tangu katiba ya 2010 utamaduni ni kazi ya kaunti. Tunaona mahema, tunaona fulana, tunaona wacheza densi wanaoletwa kumpokea mheshimiwa wakicheza kwenye vumbi dakika tano kisha wanapewa soda. Sijaona mtu akiajiriwa kukaa chini na mzee kama huyu na daftari. Kama unafanya kazi kwenye ofisi hizo na unasoma hapa kwa siri, na najua mpo, gharama ya siku moja ya hayo mahema ingenunua ngoma za kutosha darasa zima.

Watu wameniuliza kwenye ujumbe kama nitaweka vidio ya mzee akipiga lile bomba. Bado. Amekataa nisirekodi hata sekunde mpaka nijue kupiga ile mkono wa kulia mara mbili, wa kushoto mara mbili, polepole kisha haraka kisha polepole, bila kuonekana mahali mikono inapopokezana. Wanaiita mama-baba. Mama mama, baba baba. Inaonekana rahisi. Nina wiki ya tano, napiga juu ya tairi la boda lililochakaa, majirani wamelalamika kwa mathe, na mkono wangu wa kushoto ni mjinga kabisa. Jana alinisikiliza dakika nzima akiwa amefumba macho. Akasema mama anafika mapema kuliko baba.

Jumamosi ijayo kuna mazishi mengine, mzee wa Keya wa kweli huko upande wa Matunda, wa umri ule ambao hakuna anayeuhesabu tena. Ameniambia nije, nibebe kitambaa cheusi. Simu niache nyumbani.

Halafu, kitu kimoja. Ngozi ya ngoma yake imepasuka pembeni na ameibandika kwa gundi ya matairi. Tunatafuta ngozi ya inchi 14, ya plastiki ni sawa, hata iliyotumika. Kama uko Kitale, Bungoma, Eldoret, na kwenu au kanisani kwenu kuna ngoma imelala stoo, niandikie. Nitakuja kuichukua mwenyewe.